Chambo kidogo cha plastiki kwa perege: jigi chini ya boya, jigi tupu, dropu-shoti au mfungo wa Texas?

Ufito_Pasua (Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliowahi kuvua navyo.

Kaka yangu anaishi Missouri, Marekani. Mwezi uliopita alimpa rafiki yake aliyekuwa anakuja kupanda mlima kifurushi cha chambo cha plastiki laini aniletee. Ndani kuna viminyoo vya inchi 1 na nusu vyenye mkia uliojikunja kama mundu, vingine vimenyooka kama kidole cha mtoto, havina mkia, na vingine ni mirija iliyochanwa nyuzinyuzi upande mmoja kama ngisi mdogo. Kuna pia minyoo mirefu ya inchi 7, pakiti mbili. Na ndoano zenye kichwa cha risasi, wenyewe wanaita jigi, zimeandikwa 1/32, 1/16 na 1/8.

Yeye kule anavua blugili na krapi, wale wanaoitwa samaki wa kikaango kwa kuwa mmoja mzima anaenea kwenye kikaango, na yule mkubwa anayeitwa besi. Mimi huku nina perege na kambare.

Nimeenda bwawa la Nyumba ya Mungu Jumamosi mbili mfululizo. Nilifunga jigi ya 1/8 na kale kenye mkia wa mundu, nikawa natupa na kuvuta haraka kama nilivyoona kaka akifanya kwenye video. Perege wanakuja, nawasikia wanadonoa, nikivuta nakuta mkia umeliwa na samaki hayupo. Jigi 6 zimebaki kwenye visiki na matete. Pembeni yangu alikuwepo kijana mwenye ufito wa mwanzi na kopo la minyoo ya mtaroni, akaondoka na perege 14.

Kaka anasema kuna njia nne: kuning'iniza jigi chini ya boya, kuvuta jigi tupu, kufunga dropu-shoti, au mfungo wa Texas. Ipi inafaa maji yetu? Sitaki kurudi kwa minyoo kabla sijaelewa kosa liko wapi.

Majini_Tengeru (Arusha)

Mkuu, kosa lako la kwanza ni uzito, na la pili ni mwendo. Ngoja nieleze maana nililipia somo hili kwa msimu mzima kwenye bwawa la kufugia samaki la jamaa yangu hapa Tengeru (aliniruhusu kuvua bila kikomo, kwa hiyo nilijaribu kila kitu).

Zile namba kwenye pakiti ni sehemu za wakia. Wakia moja ni gramu 28 na kidogo. Kwa hiyo 1/8 ni gramu 3.5, 1/16 ni karibu gramu 1.8, na 1/32 haifiki hata gramu 1. Tofauti hiyo ukiiweka kiganjani huioni. Majini ni mbingu na ardhi.

Perege hakamati chambo kwa meno kama mbwa. Anasogea, anasimama, anafungua mdomo ghafla na maji yanaingia yakiwa yamebeba chakula. Akionja kitu kigumu au kigeni anakitema papo hapo. Sasa ukimpa gramu 3.5 za risasi, maji anayovuta hayana nguvu ya kuibeba. Kinachoingia mdomoni ni ule mkia mwepesi tu, ndoano imebaki nje. Ndiyo maana unasikia kudonoa na unapata mkia uliokatwa. Ukimpa 1/32, kitu kizima kinaingia.

Blugili anakula hivyohivyo, kwa kunyonya, tena mdomo wake ni mdogo. Kwa hiyo yale ya kaka yako yanahamishika kwa perege, ila chukua yale ya blugili, acha ya besi.

Tatizo la 1/32 ni kwamba haitupiki, haina uzito wa kuvuta mshipi kutoka kwenye rili (kile kigurudumu cha kuviringishia mshipi). Hapo ndipo boya linapoingia. Boya ndilo unalolitupa, jigi inafuata tu. Tena boya linashikilia chambo kwenye kina unachotaka, na linakuzuia usivute haraka, na mkono wa mtu anayeanza unapenda kuvuta.

Ninavyofunga mimi: mshipi wa nailoni wa milimita 0.18, boya jembamba la mbao ya balsa (boya nene la duara linamkinza samaki akivuta, anaachia), chini yake sentimita 80 hadi mita moja, kisha jigi ya 1/32 yenye ndoano namba 8. Chambo kile kilichonyooka, kisicho na mkia. Kikate kibaki inchi moja. Tupa, hesabu hadi ishirini bila kugusa chochote. Sogeza boya shubiri moja. Subiri tena. Boya likilala, au likitembea kando, au likizama kidogo tu, inua ufito taratibu. Usikwanyue.

Na kingine ambacho wengi hawakiangalii: namna ya kukivisha chambo. Kiweke kwanza sambamba na ndoano, uone ncha itatokea wapi mgongoni, utie alama kwa kucha. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua, pitisha, itoke pale penye alama. Kikikaa kimepinda kitazunguka kama pangaboi, mshipi utajisokota na perege hatakigusa.

Mzee_Kikuletwa (Moshi Vijijini)

Vijana wangu, nasoma na kujifunza. Mimi nimevua kwa minyoo tangu bwawa la Nyumba ya Mungu lilipoanza kujaa mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mito ya Kikuletwa na Ruvu kuzuiwa. Siwezi kusema plastiki haifai, ila nataka muelewe kwa nini mnyoo unashinda.

Mnyoo una harufu, na unakufa polepole huku ukijinyonganyonga. Perege akiuonja anaendelea kuutafuna. Plastiki unayo nafasi moja tu, ule muda wa kuonja kabla hajatema. Mwenye mnyoo anaweza kuwa anaongea na mwenzake akageuka akamkuta samaki bado yupo. Mwenye plastiki lazima macho yasitoke kwenye boya.

Lakini plastiki ina faida kiangazi. Mwezi wa tisa na wa kumi udongo umekauka, minyoo unaichimba nusu siku unapata kopo robo. Hapo mwenye pakiti yake mfukoni anatangulia majini.

Kwa kambare nawaambia hivi: ule mrija wenye nyuzi, mweusi, ujaze ndani kipande cha mnyoo au utumbo wa kuku, uulaze chini jioni. Kambare haoni vizuri kwenye maji ya tope, anatafuta kwa sharubu. Plastiki tupu ataipita, yenye harufu ataibeba.

Na Ufito, mwanangu, usiingie majini kunasua ndoano kwenye matete. Mle mna mamba na viboko. Ndoano sita si kitu.

Ufito_Pasua (Moshi)

Shikamoo mzee, na asante sana. Nimekuelewa kuhusu matete, kweli nilishaanza kukunja suruali siku ile.

Majini_Tengeru, umenifumbua macho kwenye suala la kunyonya. Swali: ukingo ninaosimama mimi una miamba na kina kinashuka ghafla, mita tatu hivi hatua chache kutoka nchi kavu. Boya lenye sentimita 80 si litakuwa juu mno?

Rudi_Njiro (Arusha)

Dada yenu naingia hapa, maana swali hilo nalijua. Nimeishi Georgia miaka tisa, na kule nilivua karibu kila wikendi na familia ya mwajiri wangu. Georgia ndiko alikovuliwa besi mzito kuliko wote mwaka 1932, ratili 22 na wakia 4, zaidi ya kilo 10. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa Japani mwaka 2009, Ziwa Biwa, na bado hakuna aliyewapita wawili hao kwa tofauti inayokubalika. Kwa hiyo watu wa kule wanavua kwa bidii kweli, na kila mfungo una sababu yake. Ukijua sababu hutahangaika kuuliza unafaa wapi.

Boya ni la samaki anayekaa juu au aliye kwenye maji mafupi. Krapi, kwa mfano, macho yake yanatazama juu na anakula kitu kilicho juu yake. Ukikishusha chambo chini ya pua yake hakioni. Ndiyo maana watu wa krapi wanapenda boya. Halafu ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi, ukivuta kwa nguvu inachanika, kwa hiyo ule wepesi wa boya unamsaidia mvuvi.

Dropu-shoti ni ya samaki aliye karibu na chini, kwenye kina, palipo na mawe. Kwa ukingo wako Ufito, mimi ningeanza nayo. Risasi inakaa chini kabisa, mwisho wa mshipi, na ndoano iko juu yake sentimita 30 au 40. Risasi inagusa mawe, chambo kinaelea juu ya mawe. Kama ikinasa, inayonasa ni risasi tu, unakatika mshipi wa chini na chambo kinarudi.

Kufunga: kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, piga fundo la kawaida kwa kitanzi hicho bila kukaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate kisha kaza. Hakikisha umeacha mkia wa mshipi mrefu, nusu mita. Sasa chukua mkia huo uupitishe tena kwenye tundu la ndoano kutokea upande ncha inakotazama. Ukivuta, ndoano inakaa mlalo, ncha juu, haining'inii kando ya mshipi. Mwisho wa mkia funga risasi ya gramu 5. Ndoano namba 6 au 8 isiyo na kichwa, na chambo unakichoma puani tu, milimita chache, kibaki huru.

Hapo uzuri wake ni huu: uzito haumo ndani ya chambo. Risasi yako inaweza kuwa nzito upendavyo kwa ajili ya kutupa, na samaki akinyonya anakutana na kitu kisicho na uzito kabisa. Ile hoja ya kaka wa Tengeru ya gramu moja inapata jibu bila boya.

Kosa la wengi ni kutikisa mno. Kaza mshipi hadi uhisi risasi, kisha tetemesha ncha ya ufito kidogo sana bila risasi kuhama. Pumzika. Mara nyingi anakamata wakati umepumzika.

Jigi tupu mimi naiweka ya mwisho kwa perege. Ni nzuri kwa samaki anayefukuza. Perege hafukuzi.

Majini_Tengeru (Arusha)

Dada, nakubali kwa ukingo wenye mawe. Ila kwenye maji mafupi yenye majani, dropu-shoti inakusanya takataka zote za chini na kila mvuto unatoa kichaka. Huko boya halina mpinzani.

Na jigi tupu nisingeitupa moja kwa moja. Kuna nusu saa ya asubuhi mapema, maji yametulia kama kioo, perege wako juu kabisa wanapasua uso wa maji. Nikiwa na 1/32 na mshipi mwembamba wa 0.14 naweza kuiangusha mita tano mbele na kuiacha ishuke yenyewe, sivuti. Wanaikuta njiani ikishuka. Mshipi ukiacha kushuka kabla ya muda wake, ujue amebeba.

Shemeji_wa_Naivasha (Sakina, Arusha)

Nimeona hakuna aliyegusa ile minyoo ya inchi 7, na mimi ndiyo ninayoipenda.

Ufito, hiyo usiitumie kwa perege. Ni chambo cha besi, na kwa upande huu wa Afrika, mahali pa karibu ninapopajua ni Ziwa Naivasha, Kenya, walikopandikizwa tangu mwaka 1929. Dada yangu ameolewa huko, nikivuka Namanga kwenda kumsalimia, ufito uko kwenye begi.

Besi ana mdomo unaoingia ngumi. Anajificha ndani ya mafunjo na magugumaji, akiona kitu kinapita anakirukia mara moja na kukifunika chote. Kwa hiyo kwake tatizo si uzito wala kuonja, tatizo ni kufika alipo bila kunasa. Ndiyo kazi ya mfungo wa Texas. Unaweka risasi yenye umbo la kichwa cha risasi ya bunduki, yenye tundu, inateleza kwenye mshipi. Kisha ndoano pana iliyopindwa shingoni, namba 3/0. Choma ncha kwenye pua ya mnyoo nusu sentimita, itoe, telezesha mnyoo hadi upande kwenye shingo ya ndoano, igeuze, kisha irudishe ncha ndani ya mwili wa mnyoo ijifiche chini ya ngozi. Kitu kizima kinapita kwenye mafunjo kama nyoka, hakuna kinachokamata.

Lakini kwa kuwa ncha imefichwa, ukisikia amebeba lazima ukusanye ulegevu wa mshipi, kisha upige kwa nguvu zote, maana ncha inatakiwa kutoboa plastiki kwanza ndipo itoboe taya. Hapo ndipo perege anakukatalia. Perege hakai nacho muda huo wote, na mdomo wake hauenei ndoano hiyo.

Pale Naivasha kuna kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani, waliopandikizwa mwaka 1970, na besi anawala sana. Kwa hiyo ule mrija wenye nyuzi, wa rangi ya kahawia yenye wekundu, ukiurusha urudi nyuma kwa mishtuko mifupi, unafanana kabisa na kamba anayekimbia. Nimepata wengi kwa mrija kuliko kwa mnyoo mrefu.

Kwa visiki vyako vya Nyumba ya Mungu kuna njia ya kati: mfungo wa Texas mdogo. Ndoano namba 4 iliyopindwa shingoni, chambo cha inchi 2, bila risasi kabisa au na punje moja iliyobanwa juu. Ncha usiizike, iguse tu ngozi. Utapoteza samaki kadhaa lakini ndoano zitarudi nyumbani.

Mama_Langata (Mwanga)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi si mtu wa plastiki. Baba watoto ana mtumbwi, mimi nakaanga na kuuza, na watoto wangu wamesomeshwa na perege wa bwawa hili. Nimesoma mazungumzo yote, ni mazuri, lakini mnaongea kama perege ni mmoja.

Wengi wa hapa, chakula chao ni ule ukijani mwembamba unaoelea majini. Hawawindi. Kwa hiyo akigonga chambo chenu cha plastiki kwa hasira, mara nyingi hana njaa. Ni dume anayelinda kiota. Mtakiona kiota kwenye maji mafupi yenye mchanga, duara kama sahani, kisafi, hakina majani. Dume anakichimba na kukaa hapo kufukuza kila kinachoingia. Ukidondosha kitu kidogo katikati, atakitoa kwa mdomo. Hapo mtapata samaki hata kwa kipande cha kandambili.

Jike akishataga anayabeba mayai mdomoni, anaondoka nayo, na kwa siku hizo hali kitu cha maana. Mkimpata kwa bahati mbaya, mdomo umejaa kama anatafuna, na vijipunje vya njano vinamwagika, tafadhali mrudisheni majini palepale, msimnyanyue kwa picha. Mkimshika kwa kitambaa kikavu mnambandua ute wake. Lowesheni mikono.

Kuna perege mwingine, yule anayekula majani. Huyo habebi mayai mdomoni, anayalinda chini, dume na jike pamoja. Mkiondoa mmoja au wote wawili, ndani ya muda mfupi samaki wadogo wameyala yote. Nimeona kwa macho yangu, kundi linaingia kama kuku kwenye mtama ulioanikwa.

Bwawa hili limeshaumizwa na makokoro na nyavu za macho madogo. Mtu wa ufito anachukua wachache, simlaumu. Lakini asisimame juu ya viota siku nzima kwa sababu amegundua hapo ni rahisi.

Na hizo plastiki haziozi. Tuliambiwa tuache mifuko ya plastiki tangu Juni 2019, tukaacha. Sasa mkiacha mikia iliyokatika majini, samaki anaimeza, namkuta nayo tumboni nikimpasua. Imeshanitokea mara mbili mwaka huu. Rudini nayo nyumbani. Na kabla hamjaja, pitieni ofisi ya uvuvi ya wilaya mkate leseni, Sheria ya Uvuvi ya 2003 haimbagui wa ufito na wa mtumbwi.

Rudi_Njiro (Arusha)

Mama, shikamoo, na ahsante kwa maneno haya. Kule Georgia pia blugili wanachimba viota duara, vingi pamoja kama sega la nyuki, na watu wanavijua kwa harufu. Wazee wa kule walinifundisha kutoa wachache pembezoni na kuhama. Dume mkubwa akiondolewa, wadogo wanaobaki hawakui kufikia ukubwa wake, kwa hiyo baada ya miaka michache ziwa linajaa samaki wa kiganja.

Kijana_Soweto (Moshi)

Wakuu, na rangi je? Mimi nina pakiti ya pinki na ya kijani kibichi, sijui nianze na ipi.

Majini_Tengeru (Arusha)

Rangi ni jambo la tano kwenye orodha yangu. Uzito, kina, mwendo, ukubwa, ndipo rangi. Maji ya tope baada ya masika: nyeusi au ya giza, kwa kuwa inaonekana kama kivuli. Maji meupe: kijani kilichofifia, kahawia, rangi ya maji ya chai. Pinki weka chini ya boya asubuhi yenye mawingu, nimeona ikifanya kazi ila siwezi kukueleza kwa nini.

Muhimu zaidi, usichanganye pakiti. Plastiki hii inalainishwa kwa mafuta maalumu, na aina mbili tofauti zikigusana zinayeyushana zinakuwa uji. Usiziweke kwenye kopo la kawaida la plastiki gumu, mafuta yale yanalila. Na usiache kwenye gari lililoegeshwa juani. Mkia ukipinda, uchovye kwenye maji ya moto sekunde chache kisha kwenye maji baridi, unanyooka. Kikichanika, pasha sindano kwenye moto, gusisha pande mbili, zinaungana. Kimoja kinaweza kufanya kazi siku nzima.

Ufito_Pasua (Moshi)

Wakuu nimerudi. Jumamosi nimeenda upande wa Lang'ata, leseni ninayo sasa. Nimefika saa 12 asubuhi, nikajipa saa moja na nusu kwa kila njia. Yule kijana wa mwanzi alikuwepo tena, tukakaa pamoja.

Jigi tupu ya 1/32, ikishuka yenyewe kama alivyosema Majini: perege mmoja, ndani ya dakika kumi za mwanzo. Jua lilipotoka, kimya.

Dropu-shoti kwenye mawe: perege wanne. Huu ndio ulionishangaza. Wa kwanza sikumsikia kabisa, niliona tu mshipi umelegea, nikadhani risasi imehama. Kumbe alikuwa amebeba anakuja kwangu. Nilipoteza risasi tatu na sikupoteza ndoano hata moja.

Boya na 1/32: nilihamia kwenye kighuba chenye majani, perege watano. Wawili niliwarudisha. Mmoja alikuwa jike, mdomo umejaa vilevile alivyosema Mama, mayai yalianza kumwagika nikamwachia akiwa bado majini. Wa pili nilimtoa juu ya kiota kabla sijakiona kiota chenyewe. Nilipokiona nikahama.

Texas mdogo: hakuna samaki. Niligongwa mara nyingi, hakuna aliyeshika. Lakini nilitupa katikati ya visiki vilevile vilivyokula jigi zangu sita, na kila kitu kilirudi.

Jioni nikafuata maneno ya mzee, mrija mweusi na utumbo wa kuku ndani, umelazwa chini. Kambare mmoja, nadhani wa kilo 2, saa moja kasoro. Mikono ilitetemeka.

Kijana wa minyoo alipata perege 17. Kwa hiyo mnyoo bado unashinda kwa idadi, mzee yuko sahihi. Lakini kopo lake lilikwisha saa nane mchana, mimi nilitumia viplastiki vitatu siku nzima, na vipande vyote viko kwenye mfuko wa koti.

Nina swali moja lililobaki. Kwenye boya nilipoteza watatu waliokuwa wameshanasa, waliachia karibu na mikono. Ni ndoano au ni mimi?

Majini_Tengeru (Arusha)

Hongera sana mkuu. Ukiwapoteza karibu na mikono, mara nyingi ufito ni mgumu mno kwa mshipi mwembamba. Perege akifika karibu anafanya ule mzunguko wa mwisho ubavu-ubavu, ufito mgumu haufuati, mdomo unachanika. Legeza breki ya rili kidogo kuliko unavyodhani inafaa, na shusha ncha ya ufito akianza kukimbia. Angalia pia ncha ya ndoano, ichore kwenye ukucha. Ikiteleza badala ya kukwama, inolewe kwa kipande cha msasa laini.

Mzee_Kikuletwa (Moshi Vijijini)

Marahaba kwa salamu zote. Huyo kambare ulimchoma au ulimkausha?

Ufito_Pasua (Moshi)

Mama alimkata vipande akampika na nazi, mzee. Jumamosi ijayo nakwenda tena na yule kijana, ameomba nimfungie dropu-shoti lakini na mnyoo wake badala ya plastiki. Nitawaletea majibu.

Mama_Langata (Mwanga)

Mkija piteni kwangu, sufuria liko jikoni kuanzia saa nne. Na hiyo mifuko ya koti muitoe ndipo mle.